Njia za Panya Tumboni

Haya wanangu, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina tindikali, ute, bunduki moja iliyofyatuka kwa bahati mbaya, na mtu aliyeishi zaidi ya nusu karne akiwa na tundu ubavuni lililofika mpaka tumboni. Tutaanzia Tunduma, maana anayeijua Tunduma ameshaelewa nusu ya habari.

Tunduma ni mji wa mpaka. Upande huu ni mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia. Kuna mitaa ambayo ukivuka barabara tu umeshaingia nchi nyingine, na muuza nyanya atakuuliza kama unalipa kwa shilingi au kwa kwacha. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019, na malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapo, karatasi zikaguliwe, mihuri igongwe. Lakini mtoto yeyote wa Tunduma anajua kwamba pembeni mwa geti kuna njia za panya. Mzigo unapita huko bila kuulizwa na mtu. Njia ya panya moja haiiangushi nchi. Zikizidi, geti linabaki pambo.

Ndani ya kila mmoja wenu kuna mpaka wa namna hiyo.

Chakula ukikimeza hushuka kwenye umio na kutua katika mfuko wa tumbo, ulioko upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Wengi tukisema tumbo tunashika kitovu. Pale ni nyumbani kwa utumbo. Ndani ya mfuko ule mwili humwaga maji makali, lita mbili hivi kwa siku, yenye tindikali ya haidrokloriki. Ni tindikali kwelikweli, ya jina lile lile la chupa ambayo mwalimu wa kemia anawakataza kuigusa. Mmeshaenda Ndolezi kukiona kimondo cha Mbozi, lile dude la tani 16 hivi lililodondoka kutoka angani? Sehemu yake kubwa ni chuma. Ungekwangua unga wake na kuuzamisha katika maji ya tumbo, ungeanza kulika. (Msijaribu. Kile ni urithi wa taifa, na mlinzi yupo.) Pamoja na tindikali kuna kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambacho kazi yake ni kukatakata nyama.

Na tumbo lenyewe ni nyama. Supu ya utumbo wa ng'ombe tunakunywa asubuhi, na hadi mchana imeshasagika. Mbona tumbo letu halijisagi?

Kwa sababu ya mpaka. Juu ya nyama ya tumbo umetandazwa ute mzito unaonata, ambao unene wake haufiki milimita moja. Seli zilizo chini yake huuchanganyia bikaboneti, jamaa ya magadi tunayotia kwenye maharage, inayoua ukali wa tindikali. Hivyo upande wa juu wa ute ni moto mtupu, na upande wa chini, umbali usiozidi unene wa kucha, ni salama. Chini ya ute seli zimebanana bega kwa bega. Chini ya seli hizo kuna mishipa midogo ya damu, inayozilisha na kuzoa tindikali yoyote itakayopenya. Na seli hizo hazikai zikazeeka: mwili huibadilisha safu nzima ya juu kila baada ya siku tatu mpaka sita. Hesabu hiyo ya siku tatu mpaka sita itieni mfukoni, tutaihitaji baadaye.

Sasa tulete pombe.

Chukueni utingo wa lori. Ni wa kubuni, msije mkamtafuta. Lori limekwama kwenye foleni tangu jana, dereva amelala, na mama ntilie ameshafunga. Utingo amenunua pombe kali, ya asilimia 35 au 40 ya alkoholi, anaigida tumbo likiwa tupu. Zamani angeinunua ndani ya kiroba, kile kifuko cha plastiki kilichouzwa kwa bei ya peremende. Wazambia walikataza vifuko vyao, walivyoviita tujilijili, mwaka 2012. Sisi tulikataza viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa miaka kama mitano hivi, basi, upande mmoja wa Tunduma kitu kile kilikuwa haramu na upande mwingine halali, na anayeujua mji huo hahitaji kuelezwa nini hutokea katika hali kama hiyo. Baadaye pombe kali ikarudi ndani ya vichupa vidogo. Tumbo halisomi kifungashio.

Tone la kwanza likifika linakuta ute. Alkoholi ina tabia moja ya ajabu: inachanganyika na maji, na inachanganyika na mafuta pia. Ngozi ya kila seli imejengwa kwa mafuta. Kwa hiyo alkoholi haiendi getini, inapita katikati ya ukuta. Kama sehemu moja ya tano huingia kwenye damu pale pale tumboni, na iliyobaki hunyonywa na utumbo mwembamba. Ikiwa hafifu hupita bila fujo kubwa. Ikivuka asilimia 10 hivi, na hasa ikiwa kali kama ya utingo wetu, inavuruga ute na kulegeza pale seli zinapobanana, na seli za juu zinaanza kufa. Hapo ndipo njia za panya zinapofunguka. Tindikali iliyokuwa imezuiliwa ng'ambo inarudi kinyumenyume kupitia nyufa. Ikifika ndani inaziamsha chembe za ulinzi, mishipa midogo inavimba na kuvuja. Daktari akiingiza kamera kupitia mdomoni wakati huo ataona wekundu, na juu ya wekundu vidoadoa vya damu na michubuko.

Angalieni ni nani aliyeumiza. Alkoholi ilifungua njia, lakini kazi kubwa ya kuunguza imefanywa na tindikali ya mtu mwenyewe.

Wanywaji wa bia na komoni wasicheke. Kweli vinywaji vyao ni hafifu, na havibomoi ute kwa nguvu ya kinywaji kilichokenekwa. Ila vina uchokozi wa aina nyingine. Watafiti waliwapa watu bia na mvinyo wakapima tumbo linafanya nini, wakaona linamwaga tindikali kwa wingi. Walipowapa whisky au gin, ongezeko hilo halikuonekana. Kinachochochea, basi, si alkoholi peke yake. Kuna vitu vingine vinavyozaliwa wakati wa kuchachuka, na vitu hivyo hubaki nyuma pombe inapokenekwa. Vipimo hivyo vilifanywa kwa bia na mvinyo. Komoni ya mahindi na kimea cha ulezi ni ndugu wa bia kwa jinsi inavyopikwa na kuchachushwa, na sioni sababu ya kudhani kwamba tumbo huipokea kwa ukarimu zaidi. Gongo sitaizungumzia sana. Imepigwa marufuku, hakuna anayepima ukali wake, na siku nyingine ndani yake mna methanoli, ambayo huua macho kabla tumbo halijapata nafasi ya kulalamika.

Usiku mmoja wa utingo, tumbo linausamehe. Hili nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mkitishwa kwa uongo siku moja mtaugundua na hamtaamini tena hata la kweli. Seli za jirani hutambaa na kuziba pengo ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa safu mpya imeshapanda. Matatizo huanza usiku wa pili unapofuatia wa kwanza, na wa tatu ukafuatia wa pili, mwaka ukaisha. Hapo mafundi wanajenga mchana, wabomoaji wanakuja jioni.

Mwambieni hivyo mnywaji wa miaka mingi, atawajibu: "Mimi tumbo langu limeshazoea." Amesema kitu chenye ukweli kidogo. Tumbo likichokozwa kwa upole huongeza ulinzi kwa muda, ute unakuwa mwingi na damu inapita kwa wingi. Lakini yeye hana maana hiyo. Anachotaka kusema ni kwamba haumwi, na asiyeumwa hana jeraha. Hapo ndipo nimwite yule mtu mwenye tundu.

Jina lake Alexis St. Martin, Mkanada, kibarua katika biashara ya ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822 alikuwa dukani kwenye kisiwa cha Mackinac, katika Ziwa Huron kaskazini mwa Marekani, bunduki ya mtu aliyekuwa karibu naye ilipofyatuka. Risasi zilimchana ubavu wa kushoto na kutoboa tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimhudumia bila kutegemea kwamba atapona. Akapona. Jeraha lakini lilikataa kufunga. Kingo za tumbo zilishikana na kingo za ngozi, likabaki tundu chini ya chuchu ya kushoto ambalo chakula kingetoka kama halikuzibwa kwa kitambaa.

Beaumont alitambua kwamba amepata nafasi ambayo ni madaktari wachache sana waliowahi kuwa nayo. Alianza kufunga vipande vya nyama kwa uzi wa hariri, akaviteremsha tunduni, akavivuta baada ya muda kuona vimeyeyuka kiasi gani. Alichota maji ya tumbo akayatia chupani. St. Martin hakufurahia. Nani angefurahia? Alitoroka akarudi kwao, akaoa, kisha akarejea kwa mshahara kwa sababu alikuwa maskini na alikuwa na watoto. Tunamsifu daktari, na anastahili, lakini mimi huwa namfikiria zaidi yule aliyelala chali saa nzima mwenzake akimchungulia tumboni. Mwaka 1833 Beaumont alichapisha kitabu chenye majaribio zaidi ya 200, na ndani yake kuna siku chache za mwezi Agosti ambazo kila mwenye tumbo "lililozoea" angepaswa kusomewa.

St. Martin alikuwa amekunywa pombe kali kwa siku nane au kumi mfululizo. Asubuhi moja daktari akatazama ndani kabla hajala. Ukuta ambao siku za kawaida ulikuwa na rangi ya waridi hafifu, laini kwa ute, ulikuwa umewiva mabaka mekundu, pengine na vidonda vidogo. Akamuuliza, unajisikiaje? St. Martin akajibu kwamba yuko vizuri, hana maumivu, na chakula kinampanda. Siku mbili baadaye mabaka yalikuwa yameenea na damu nzito ilianza kuchuruzika. Maumivu kidogo na kizunguzungu vilikuja baada ya hapo, baada ya wekundu, baada ya damu. Kisha akapewa chakula chepesi na vinywaji laini, na katika siku chache ukuta ukarudia rangi yake.

Miaka karibu 200 baadaye kamera za hospitali zinaona jambo lile lile. Mtu anaweza kuwa na tumbo jekundu lenye michubuko na asihisi kitu. Mwingine ana kiungulia cha kumkosesha usingizi na ndani hamna jeraha kubwa. Ukuta wa tumbo hausikii maumivu kama ngozi ya kidole isikiavyo moto.

Sasa mwaka wa kumi, wa ishirini. Kwa baadhi ya wanywaji wa muda mrefu uvimbe haupoi tena. Tezi zilizokuwa zikitengeneza tindikali na ute zinanyauka, ukuta unakuwa mwembamba. Tindikali ikipungua, kiungulia nacho huenda kikapungua, na mtu akashukuru kwamba amepona. Hakupona. Tindikali ndiyo iliyokuwa ikiua vijidudu vinavyoingia na chakula, kwa hiyo sasa mlango uko wazi. Na seli zile zile zinazotoa tindikali ndizo zinazotengeneza protini ya kusaidia mwili kufyonza vitamini B12. Zikipotea, mtu anaweza kuishiwa damu taratibu hali ya kuwa anakula nyama. Juu ya hayo kuna saratani: tangu 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la vitu ambavyo hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani ya tumbo huwaandama hasa wanaokunywa sana. Ya umio na ya ini zina uhusiano na pombe ulio wazi zaidi.

Kuna pigo jingine linaloonekana ni la tumbo na kumbe limetoka jirani. Ini likiharibiwa na pombe huwa gumu, na damu inayotoka tumboni na utumboni kwenda kwenye ini inakosa pa kupita. Mnajua geti likifungwa Tunduma foleni inavyorudi nyuma kilomita kwa kilomita? Damu nayo inarudi nyuma. Mishipa ya umio na ya tumbo inatuna, kuta zake zinakuwa nyembamba, na siku moja mmoja unapasuka. Mtu aliyekuwa anaongea anatapika damu bakuli zima. Hiyo ni safari ya hospitali usiku ule ule, si ya kesho.

Nirudi asubuhi kwa utingo, kwa sababu makosa ya asubuhi ni ya kawaida kuliko yote. Kichwa kinamgonga. Ana njia mbili anazozijua. Ya kwanza ni kuzimua, yaani kuongeza pombe nyingine, na hiyo nadhani hamhitaji nieleze. Ya pili inaonekana ya busara: anaingia duka la dawa, anameza aspirini au diklofenaki, tumbo likiwa tupu. Vidonge hivyo hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoliamuru tumbo litoe ute na bikaboneti. Usiku alivunja ukuta, asubuhi amewafukuza mafundi. Madaktari wanaohudumia wagonjwa wanaovuja damu tumboni hukutana na mchanganyiko huu mara nyingi. Maziwa anayokunywa kutuliza moto yanatuliza kweli, kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi yake hulichochea tumbo kumwaga tindikali tena.

Nimeona mmoja wenu anataka kusema kwamba shangazi yake ana vidonda vya tumbo na hajawahi kugusa pombe. Namwamini. Kwetu kila tumbo likiuma tunasema vidonda vya tumbo, na mlevi ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Vidonda halisi, yaani shimo lililochimbika kwenye ukuta, mara nyingi huletwa na bakteria Helicobacter pylori au na vile vidonge vya maumivu. Barry Marshall, daktari wa Australia, alichoka kubishana na wenzake juu ya bakteria huyo, na mwaka 1984 akamnywa. Katika siku chache tumbo lake likavimba. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pombe peke yake haichimbi shimo mara nyingi kama watu wanavyodhani. Huchubua, huvimbisha, huvujisha, na shimo lililopo hulichelewesha kupona. Kwa hiyo msimshuku shangazi. Kipimo cha bakteria kipo, na dawa zake zipo.

Swali la mwisho huwa ni lile lile popote ninapohadithia: mbona babu alikunywa maisha yake yote akafika miaka tisini?

Wengine wana bahati, na tunawaona wao kwa sababu waliokufa mapema hawapo barazani kutusimulia. Lakini fikirieni pia alikuwa anakunywa nini na lini. Pombe ya nyumbani ilitokana na ulezi na mahindi. Ulihitaji mavuno, ulihitaji kuotesha kimea, kukikausha, kukisaga, kupika, kusubiri ichachuke. Kimpumu, mojawapo ya pombe hizo, kilifyonzwa kwa mirija, watu wamezunguka chungu, baada ya kulima au harusini. Ikiisha imeisha, na ulezi ukikaribia kwisha ghalani mama alisema wazi kwamba uliobaki ni wa uji wa watoto. Rudisheni sasa ile hesabu mliyoitia mfukoni. Tumbo linahitaji siku tatu mpaka sita kubadilisha safu yake. Kalenda ya babu, bila yeye kujua, ilikuwa imejaa nafasi za namna hiyo. Duka la vichupa halina msimu, haliulizi kama mvua imenyesha, na linafungua kabla ya shule.

Kama nyumbani kwenu yupo anayekunywa kila siku na mna hofu naye, msimwage pombe yake kwa siri wala msimfungie ndani aache kwa nguvu. Mwili uliozoea alkoholi nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kuona visivyopo, hata kupata degedege, na wapo wanaokufa hivyo. Ongeeni na mtu mzima mnayemwamini, apelekwe kituo cha afya au hospitali ya mkoa pale Vwawa, aseme ukweli anakunywa kiasi gani na anameza vidonge gani. Akitapika damu, au matapishi yanayofanana na mashapo ya kahawa, au akipata choo cheusi cha kunata kama lami, asisubiri hata kupambazuke. Vinginevyo daktari atampangia dawa za kumvusha zile siku za mwanzo, nyingine za kupunguza tindikali, na akihitaji kamera huenda akampa rufaa ya kwenda Mbeya.